Dumu la Pili: Darasa Nililolipata Kwenye Zege la Kator



Katika darsa zetu tumezoea kulisoma somo la amana kwa mifano ya fedha: mweka hazina wa jumuiya, deni la rafiki, bumu la mwenzako ulilotunziwa. Leo naomba tulisome kwa mfano wa mchanga, kokoto, saruji na maji. Nitaeleza namna jamvi la zege linavyopangwa na kumwagwa, hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu siku moja tutajenga stoo, banda la kuku au jiko la uani, na elimu hiyo itamfaa hata anayesoma sheria au ualimu. Na nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Sioni fahari kulisimulia, lakini naona haya zaidi kulificha mara ya pili.

Kazi yenyewe

Machi 2024, Ramadhani ya mwaka 1445, likizo ilinikuta Juba, Sudan Kusini, nyumbani kwa mjomba wangu mtaa wa Kator. Kator ni mtaa wa zamani wa mji huo. Soko la Konyokonyo liko hapo, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa liko hapo, na Mto Nile hauko mbali. Mjomba anauza unga na sukari. Bidhaa nyingi za soko lile hutoka Uganda kwa malori yanayopita mpaka wa Nimule, na mvua zikianza kuanzia Aprili, gunia lililolala juu ya udongo halimalizi wiki kabla halijavunda kwa chini. Akataka stoo uani, mita nne kwa mita tatu, yenye sakafu ya zege. Akaniita baada ya tarawehe akaniambia:

"Mpwa wangu, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Fundi nitamleta, vifaa nitanunua. Wewe simamia vipimo, na kila kitu ukiandike kwenye daftari. Nikilisoma daftari nijue nimejengewa nini."

Nikaitikia, "Sawa mjomba, inshaallah." Lishike hilo daftari, ndugu msomaji. Tutalirudia.

Hatua ya kwanza: kupanga kabla ya kununua

Watu wengi huanza na saruji. Saruji ni ya mwisho. Cha kwanza ni kuuliza maswali matatu: jamvi litabeba nini, maji ya mvua yataelekea wapi, na ni haki ya nani itaguswa.

Kuhusu mzigo, mjomba alisema magunia tu. Kwa magunia na watu, unene wa sentimita 10 unatosha, na kingo zote zinashushwa sentimita 10 zaidi kwa upana wa sentimita 20, ili ukuta mwepesi ukae juu yake na udongo usiliwe na maji kwa chini.

Kuhusu maji, hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Uwanja wa mjomba umeinama kidogo kuelekea kwa jirani, mama mmoja wa makamo ambaye huuza mboga Konyokonyo na Jumapili huenda kanisani pale Mtakatifu Theresa. Njia rahisi ilikuwa kufuata mwinamo wa ardhi. Lakini tungefanya hivyo, mvua yote ya paa na ya jamvi ingeishia mlangoni kwake. Kanuni ya fiqhi tunayoikariri, kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine, haiulizi jirani anasali wapi. Tukaamua jamvi linyanyuliwe sentimita 15 juu ya ardhi, liinamie upande wa barabara, na mtaro mdogo uchimbwe huko. Mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita unatosha, kwa hiyo katika urefu wa mita nne upande mmoja uko chini kwa sentimita nne. Hiyo ilituongezea kifusi cha kujazia na siku moja ya kazi. Mjomba alimwita mama jirani akamwonyesha kamba ilipopita. Mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba hajawahi kuitwa kuonyeshwa kitu kabla hakijajengwa.

Kisha vipimo. Piga vigingi vinne, funga kamba, hakikisha pembe ni mraba. Huhitaji chombo cha gharama. Pembetatu yenye pande za tatu, nne na tano ina pembe mraba daima, na jamvi letu la tatu kwa nne lilikuwa hesabu tayari: ulalo wa kona hadi kona lazima uwe mita tano kamili, na ulalo wa pili vilevile. Wa kwanza ulitoka mita 5 na sentimita 3. Tukahamisha kigingi kimoja mpaka zote mbili zikalingana.

Hatua ya pili: ardhi

Jamvi halina nguvu kuliko ardhi iliyo chini yake. Qur'an katika Surat At-Tawba inapiga mfano wa mtu aliyejenga jengo lake ukingoni mwa shimo linalobomoka, na fundi yeyote anauelewa mfano huo bila tafsiri ndefu.

Udongo wa uani kwa mjomba ulikuwa mweusi, wa mfinyanzi, uliopasuka nyufa za kuingia kidole. Udongo wa namna hii hunyonya maji ukavimba wakati wa masika, na kiangazi hunywea. Ukimwaga zege juu yake moja kwa moja, utanyanyua jamvi upande mmoja na kulishusha upande mwingine mpaka lipasuke. Dawa yake ni kuuondoa. Tulichimba sentimita 30, tukajaza moramu kwa tabaka za sentimita 10, kila tabaka tukinyunyizia maji kidogo na kushindilia. Kipimo cha kienyeji ni kisigino: ukikanyaga kwa nguvu kisiache alama. Juu ya moramu tukatandika karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande kwenye magunia, kisha mbao za pembeni, kisha wavu wa chuma.

Wavu usilazwe chini. Kazi yake ni kuzuia nyufa, na ukilala juu ya nailoni haufanyi kazi yoyote. Uinue kwa biskuti, vile vipande vidogo vya zege, ukae katikati ya unene au juu kidogo.

Hatua ya tatu: hesabu

Hapa naomba utulie, maana makosa mengi ya uani huzaliwa hapa.

Jamvi lenyewe ni mita 4 mara 3 mara 0.1, yaani mita za ujazo 1.2. Kingo zilizoshushwa zinaongeza kama 0.26. Jumla ni karibu 1.46.

Tulitumia mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Kwa hiyo tulipigilia boksi la mbao lisilo na kitako, sentimita 40 kwa 35 kwa kimo cha 25, ambalo ujazo wake ni lita 35 kamili. Mfuko mmoja, boksi mbili za mchanga, boksi nne za kokoto. Hakuna kukadiria kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la mchana, mkono ukiwa umechoka, havilingani.

Ukijumlisha unapata lita 245 za vitu vikavu, lakini mchanga huingia katikati ya kokoto na saruji huingia katikati ya mchanga, na mwisho wake unapata zege la kama lita 159 tu kwa kila mfuko. Gawanya lita 1,460 kwa 159: mifuko tisa na kidogo. Mjomba akanunua kumi. Mchanga ulikuwa wa mto, na kokoto zilikuwa za kupondwa kwa mkono kutoka upande wa Jebel Kujur, mlima ule unaouona magharibi ya mji.

Sasa maji. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Hushikana na maji kikemia, na mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 tu kwa kazi hiyo. Lita zinazozidi ni za kulainisha ili zege lichanganyike na kupangika. Ukitia jumla ya lita 25, yaani nusu ya uzito wa saruji, unapata zege zuri la kufanyia kazi. Ukipita hapo, maji yasiyo na kazi hubaki ndani, na yakiondoka huacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Mtafiti Duff Abrams wa Chicago aliieleza kanuni hii mwaka 1918, na mpaka leo inafundishwa katika kila chuo cha uhandisi: kadiri maji yanavyozidi saruji, ndivyo nguvu inavyopungua. Zege la lita 40 kwa mfuko hupoteza karibu nusu ya nguvu ambayo lingeipata kwa lita 25.

Kwa dumu la lita 20, lita 25 ni dumu moja na robo. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nikalipigia mstari.

Hatua ya nne: siku ya kumwaga

Wiki ile joto lilikuwa kali kuliko kawaida. Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kuanzia Machi 18, baada ya kutabiriwa kwamba joto lingefika nyuzi 45. Zege na joto hawapatani. Maji huondoka juu haraka, mchanganyiko hukaza kabla haujapangwa, na nyufa za uso hutokea saa ileile. Kwa hiyo tulipanga vizuri: tuanze mara baada ya Alfajiri, kokoto zilowanishwe usiku, turubai lifungwe juu, na kazi iishe kabla ya saa nne.

Kilichoharibu mpango ni maji. Kator, kama sehemu nyingi za Juba, watu hununua maji kutoka kwenye magari, na gari letu lilikuja saa tatu na nusu. Tungeweza kuahirisha. Nilimwambia fundi tuanze. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa kosa la pupa.

Fundi alikuwa Mnubi kutoka Arua, mtu mpole, amefunga kama mimi. Vibarua watatu walikuwa vijana wa pale pale Juba. Lugha ya kazi ilikuwa Kiarabu cha Juba, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kinubi kinachosemwa Bombo na Kibera. Kwa lugha zote mbili, maji huitwa "moyo". Asubuhi nzima nilisikia wakiita, "Moyo! Moyo!" na sikio langu la Kiswahili likashtuka kila mara, mpaka likazoea.

Mafungu saba ya kwanza yalikwenda sawa. Tulichanganya kavu mpaka rangi ikawa moja, tukatia maji kidogo kidogo, tukamwaga kuanzia kona ya mbali, tukachomachoma kwa kipande cha nondo ili hewa itoke, hasa kwenye kingo, tukasawazisha kwa ubao mrefu uliopanda juu ya mbao za pembeni. Kila fungu niliandika: mfuko 1, mchanga 2, kokoto 4, maji 25.

Fungu la nane lilianza saa sita kasoro. Jua lilikuwa limetoboa pembeni mwa turubai. Zege likaanza kukaza ndani ya toroli. Fundi akainua mkono: "Moyo." Nikamwambia tayari ni ishirini na tano. Akasema, kwa Kiswahili sasa, "Mwalimu, hili halitembei. Mikono imeisha."

Nilikuwa najua la kufanya. Fungu likikaza unapunguza ukubwa wake, unachanganya nusu mfuko, unalimwaga haraka. Au ukilazimika kuongeza maji, unaongeza na saruji kwa uwiano uleule. Yote hayo yangetuchukua saa moja zaidi, na mimi nilikuwa na kiu, na nilitaka kulala kabla ya Adhuhuri. Nikasukuma dumu la pili. Fundi akamimina lote. Lita 40 kwa mfuko mmoja. Fungu la tisa hivyo hivyo, na la kumi hivyo hivyo.

Kazi ikaenda kama uji. Upande ule wa mlangoni uligeuka laini kuliko kwingine kote. Baada ya nusu saa maji yalichuruzika juu, fundi akanyunyizia saruji kavu kuyakausha, akapitisha mwiko. Ukang'aa. Ungeulizwa ni upande gani wa jamvi ulio bora, ungeonyesha ule.

Kisha nikakaa kivulini, nikafungua daftari, na kwenye mistari mitatu ya mwisho nikaandika: maji 25, maji 25, maji 25.

Msumari

Jamvi likimwagwa kazi haijaisha. Zege linahitaji unyevu ili liendelee kupata nguvu. Tulilifunika kwa magunia, nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Kwa siku saba zege hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu tunayoitegemea katika hesabu huhesabiwa siku ya 28. Nilimwagilia kwa bidii isiyo ya kawaida. Nadhani nilikuwa natafuta kafara.

Siku ya nane, baada ya Alasiri, nilichukua msumari. Nikakwaruza upande wa ndani, lile fungu la kwanza: ukatoka mstari mweupe hafifu, na msumari ukateleza. Nikakwaruza upande wa mlangoni: ukatoka unga. Nikagonga kwa nyundo. Ndani ililia, mlangoni ilinyamaza.

Nikajiambia, ni magunia tu. Magunia hayahitaji zaidi ya hapo. Nikaendelea kujiambia hivyo mpaka usiku, tulipotoka msikitini. Mjomba alikuwa na wazee wawili, akanishika bega mbele yao. "Huyu ndiye mhandisi wangu. Kila lita imeandikwa." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulijua: amepata mashine ya kusaga ya mtu anayehama, ataifunga kwa boliti pale mlangoni baada ya Idi, ili wateja wasiingie ndani.

Mashine ya kusaga hutikisika mchana kutwa. Boliti zake hushikwa na zege na si kitu kingine. Zege likilegea boliti zinatoka, na mashine inayozunguka ikitoka kwenye boliti zake, aliye karibu nayo ni anayeiendesha. Aliyekuwa ataiendesha ni binamu yangu wa miaka 17.

Sikulala. Nilikuwa naikumbuka hadithi iliyo katika Sahih Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona, na akaelezwa kwamba mwenye kughushi hahesabiwi miongoni mwetu. Niliwahi kuifundisha hadithi hiyo kwenye darsa. Niliifundisha kana kwamba inawahusu wauza mchele. Mvua haikuwa dhambi ya yule mtu. Dhambi ilikuwa kuweka kikavu juu na kilicholowa chini. Nami nilikuwa nimeweka saruji kavu juu ya maji, na juu ya hayo yote nikaweka daftari.

Kuvunja

Baada ya daku nilimwambia. Nilianza na joto, gari la maji, vibarua kuchoka. Mjomba alinikatiza kwa upole.

"Fundi aliomba maji. Nani alishika dumu?"

"Mimi, mjomba."

"Na nani alishika kalamu?"

Sikujibu. Alikaa kimya mpaka adhana. Tulipotoka kusali akasema, "La dumu ningekusamehe palepale, ulikuwa na kiu. La kalamu limeniuma. Nenda kavunje."

Tulivunja ukanda wa mita moja na robo kwa tatu, kwa nyundo kubwa. Ukitaka kujua utaratibu, ni huu: piga mstari kwa chaki mpaka ulipofika kwenye zege linalolia, vunja taratibu ili wavu wa chuma usikatike, acha ukingo wa zege la zamani uwe na meno, uoshe vumbi lote, ulowanishe, uupake rojo ya saruji, ndipo umwage jipya mara moja. Fundi alipoitwa alikuja bila kinyongo. Mifuko mitatu, na ujira wa siku, nilivilipa mimi kutoka kwenye akiba ya bumu. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamenunuliwa tangu jana yake, tukachanganya nusu mfuko nusu mfuko. Saa tatu tulikuwa tumemaliza. Nilitoa ujira fundi akiwa bado ananawa mikono, kama tulivyofundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Akahesabu, akanirudishia nusu. "Moyo niliuomba mimi," akasema. Nilijua anasema maji.

Kwenye daftari sikuchana ule ukurasa. Nilikata mistari mitatu kwa mstari mmoja, ya zamani ikasomeka, nikaandika chini yake: maji 40, si 25, imevunjwa, imemwagwa upya kwa maji 25. Nikatia tarehe na sahihi. Mjomba akalisoma, akalifunga, akaliweka kwenye kabati lake la hesabu. Mashine akaamua isubiri siku 28 kamili tangu siku ile, hata kama Idi ingepita. Mpaka leo kuna mstari unaoonekana pale zege jipya lilipokutana na la zamani. Hakuna mwiko unaoweza kuuficha, na sikutaka ufichwe.

Nilirudi chuoni baada ya Idi. Mvua zilipoanza mjomba alinitumia picha: maji yanapita mtaroni kuelekea barabarani, uwanja wa mama jirani mkavu.

Tunajifunza nini

Kwanza, kupunja si kwenye mizani ya soko peke yake. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunguzia wengine. Mhandisi anayezidisha maji amepunguza nguvu aliyoahidi, daktari anayeruka kipimo amepunguza uchunguzi, na mwanafunzi anayebuni takwimu za utafiti wake wa mwaka wa mwisho ameandika "maji 25".

Pili, elimu inaongeza dhima. Fundi aliomba maji kwa uzoefu wake na uchovu wake. Mimi nilikuwa najua Abrams amesema nini. Wajibu wetu mbele ya Allah (s.w.) hauwi sawa na wa asiyejua.

Tatu, saumu haikunilinda, kwa sababu niliigeuza kuwa udhuru. Kiu yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilipaswa kunifanya niahirishe kazi, siyo nipunguze amana.

Nne, toba ya haki ya mtu ina gharama. Kuomba msamaha wa Allah (s.w.) usiku ule kulikuwa kwepesi. Kumwambia mjomba kulikuwa kuzito, na kuvunja kulikuwa kuzito zaidi. Wanazuoni wametufundisha kwamba toba ikihusu haki ya mja, haitimii mpaka haki irudishwe. Kwangu mimi ilirudishwa kwa nyundo.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika fani unayosoma, "dumu la pili" ni lipi? Taja jambo moja ambalo hurahisisha kazi, halionekani kwa nje, na humdhuru mwingine baadaye.

2. Kama mjomba asingenunua mashine ya kusaga, na stoo ingebaki ya magunia tu, je, ilikuwa lazima nimwambie? Toa dalili.

3. Fundi alirudisha nusu ya ujira. Je, dhima yake na dhima yangu zilikuwa sawa?

4. Piga hesabu: jamvi la mita 3 kwa 2, unene wa sentimita 10, bila kingo za kushushwa, kwa mchanganyiko uleule. Unahitaji mifuko mingapi ya saruji, na madumu mangapi ya maji?

Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza vipimo, waonekane na wasionekane. Amin.